Mtoto ana ukurutu, lawama kwa mama: kweli ni mawazo ya wakati wa mimba?

Wakuu naomba tulijadili hili bila matusi. Binti yangu ana miaka miwili, ukurutu umemshika viwikoni na nyuma ya magoti, usiku namvalisha soksi mikononi asijikune na bado asubuhi nakuta shuka lina damu. Juzi kliniki mama mmoja kwenye foleni kaniambia mbele za watu, "we ulikuwa na mawazo sana na hiyo mimba ndo maana". Nimerudi home nimelia.

Najua hilo jambo halijatungwa. Kanada, mkoa wa Quebec, Januari 1998 ilipiga dhoruba ya barafu, nguzo za umeme zikaanguka, mamilioni wakakaa giza kwenye baridi kali, wengine kwa wiki kadhaa, watafiti wakawafuatilia waliokuwa wajawazito kipindi kile na baadae wakakuta mama alivyozidi kuumia kimawazo ndivyo pumu, ambayo ni kama ndugu wa ukurutu maana yote ni magonjwa ya mzio (aleji) na huenda pamoja kwenye familia, ilivyoonekana zaidi kwa mabinti, kwa wavulana haikuwa hivyo. Inadhaniwa homoni ya stresi, kotisoli, ikizidi inayumbisha kinga ya mtoto ikiwa bado inajengeka tumboni.

Sawa. Ila huku kwetu mama mwenye stresi ni nani? Si ndo huyohuyo aliyepanga chumba kimoja, ukuta una ukungu, mende usiku kucha, mvua ikinyesha anaingiza jiko la mkaa ndani, na hivyo vyote vyenyewe vinaamsha pumu, sasa utajuaje kilichomuumiza mtoto ni mawazo au ni ule moshi? Halafu mtu hajalala miezi sita sababu mtoto anajikuna, ukimpima leo utamkuta na stresi, kipi kilianza hapo?

Na kuna kurithi. Mume wangu ana pumu tangu utoto, pampu haitoki mfukoni, siku ile alikuwa kakaa pembeni yangu na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mimi nasema manesi wamuulize mjamzito analalaje, nani anamsaidia, anapigwa au hapigwi, hilo naliunga mkono kabisa. Lakini sheria ya kazi Tanzania inampa baba likizo ya malipo angalau siku 3 tu mtoto akizaliwa, mama anabaki peke yake na kichanga, halafu anaambiwa asiwe na mawazo.

Mnaosema ni mama, nijibuni: mlitaka huyo mama afanye nini?