Neno la Kiingereza "garble" lina maana gani, na asili yake ni ipi?

Katibu wa chama, Kisumu
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama wauza samaki. Juzi tulipokea barua ya Kiingereza iliyosema kwamba taarifa yetu ya fedha ilikuwa "garbled". Niliulizia maana nikaambiwa ni "kupotoshwa", nami nikaumia sana, kwa kuwa anayepotosha hesabu amekusudia. Je, ndivyo neno hilo linavyosema?

Mwalimu mstaafu, Nakuru
Dada, pole. Mzizi wake ni Kiarabu: *gharbala* ni kuchekecha, na *ghirbal* ni chekeche, neno ambalo huenda Waarabu nao walilipata katika Kilatini *cribellum*, chekeche dogo. Kupitia biashara ya viungo katika Bahari ya Mediterania lilifika Italia likawa *garbellare*, na katika karne ya 15 Waingereza walikuwa wakilitumia kwa maana ya kuondoa vumbi na takataka katika viungo. London ilikuwa hata na ofisa wa kazi hiyo. Lilikuwa neno la usafi! Liliharibika kufikia karne ya 17, watu walipoanza kuyachekecha maneno ya wenzao, wakibakiza yanayowafaa na kutupa mengine. Chekeche ni lilelile, ila sasa punje nzima ndizo zinazotupwa.

Muuza omena, Homa Bay
Maelezo ya mwalimu nimeyaona kwa macho. Omena, yaani dagaa, iliyoanikwa mchangani huchekechwa kabla ya kupimwa kwa gorogoro, na ukitikisa kwa pupa vichwa hukatika, wale wadogo wakapita chini pamoja na mchanga. Hakuna aliyekusudia, lakini mali imeharibika.

Mfasiri, Kakamega
Hapo ndipo penye jibu. Siku hizi neno hili hutumiwa zaidi kwa ujumbe uliovurugika, kama sauti ya simu inayokatikakatika, bila kumtuhumu mtu. Maana ya kupotosha kwa makusudi ingalipo, lakini mimi ningeandika "taarifa ilifika ikiwa imevurugika". Neno "distort", ambalo Waingereza hulitumia kwa "kupotosha", ni ukoo mwingine kabisa: limetoka katika Kilatini *torquere*, kusokota.

Katibu wa chama, Kisumu
Asanteni sana, mwalimu nanyi nyote. Nimeisoma barua upya: wanasema safu za mapato na matumizi ziliingiliana walipoifungua kwenye simu. Kesho asubuhi nitawapelekea nakala ya karatasi.