Naomba ushauri: mdogo wangu anakereza vyuma Tabora, ameitwa kiwandani Dar

Wakuu, habari za kazi. Mdogo wangu yuko karakana ya mtu binafsi hapa Tabora mjini, anakereza shafti na bushi za mashine za kusaga na kukoboa. Analipwa kwa kipande. Baada ya mavuno pesa anaiona, mvua zikianza ni kijiweni tu.

Sasa kiwanda kimoja Dar kinamtaka kwenye CNC, zile mashine za kukereza zinazoongozwa na kompyuta. Mshahara mzuri kwa kuutazama, ila toa kodi ya chumba na nauli uone kinachobaki.

Kinachonitatiza ni mkataba. Kazi ni ya zamu, na umeandikwa "mshahara jumla" bila mchanganuo. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema ukivuka saa 45 kwa wiki ulipwe mara moja na nusu, na saa za usiku ziongezewe asilimia 5. Humo sivioni.

Mlioko viwandani: anayepakia chuma na kubonyeza kitufe anatofautiana kiasi gani kimalipo na anayeseti mashine na kuandika programu? Cheti cha ufundi cha VETA daraja la tatu kinaongeza kitu, au wanaangalia mkono tu? Wanataka jibu mwisho wa mwezi.