Bruno Rossi na miale ya kosmiki: kweli alipimia Asmara? Na mbona hana Nobel?

sayari_tisa
Wakuu habari zenu. Nasoma mambo ya miale ya kosmiki, vile vichembe vinavyotupiga kutoka anga za mbali usiku na mchana, na kila ninapogeuka nakutana na Mwitaliano Bruno Rossi. Eti alikuja na vyombo vyake hadi Asmara. Alifuata nini Eritrea wakati milima kwao ipo? Na kama alifanya makubwa hivyo mbona Nobel ilimpita? Naandaa kipindi cha klabu ya sayansi, vijana wangu wa fomu siksi wanapenda sana hizi habari.

fundi_valvu
Mwalimu ni kweli, 1933, na mwenzake Sergio De Benedetti. Ila huwezi kuielewa Asmara bila sakiti yake. Rossi (kazaliwa Venice 1905) alikuwa msaidizi tu pale Arcetri, Florence, akasoma kazi ya Bothe na Kolhörster waliotumia kaunta mbili za Geiger (vyombo vinavyolia kila kichembe kinapopita), basi akatengeneza sakiti bora zaidi kwa valvu za redio, akaitangaza 1930. Unapanga kaunta tatu au zaidi, sakiti inajibu pale tu zote zikigongwa kwa pamoja, ikilia moja peke yake inapuuzwa, hapo ndo unajua kichembe kimepita zote na kimetokea upande gani. Watu wa kompyuta wataitambua, hiyo ni geti ya AND kabisa, inayojibu pale tu ishara zote zikiwepo. Kwa chombo hicho alionyesha kuna vichembe vinatoboa mita nzima ya madini ya risasi!

Sasa Asmara. Usumaku wa dunia unapinda njia ya vichembe vyenye chaji, kwa hiyo Rossi akasema vikiwa chanya vitakuja zaidi kutoka magharibi, vikiwa hasi mashariki. Tofauti hiyo inaonekana vizuri ukisogea ikweta na ukiwa juu, Asmara iko zaidi ya mita 2,300 na Eritrea ilikuwa koloni la Italia wakati ule. Wakapima, magharibi ikazidi, yaani chanya. Kinachoniuma ni kwamba Wamarekani Johnson, na Alvarez na Compton, walishapima Mexico City na kutangaza kabla yake. Lakini huko huko Asmara aliona kaunta zilizotenganishwa zinalia pamoja mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu, akaandika kwamba huenda vichembe vingi vinashuka pamoja kama manyunyu mapana. Mfaransa Pierre Auger akalichunguza kwa kina 1938 na sifa zikaenda kwake. Kwangu mimi hilo ndo jambo kubwa la safari ile.

mama_nyota
Kuhusu Nobel, Bothe alipewa 1954 kwa mbinu hiyo ya kaunta kulia pamoja, Rossi hakutajwa, na mimi naona hakutendewa haki maana sakiti yake ndo ilienea maabara kila kona. Usisahau pia maisha yake yalivyokatwa katikati, alishakuwa profesa Padova, 1938 sheria za ubaguzi za Mussolini zikamfukuza kwa kuwa na asili ya Kiyahudi, miezi michache tu baada ya kumuoa Nora Lombroso. Wakapita kwa wanafizikia wenzake, Copenhagen kwa Bohr, Manchester kwa Blackett, 1939 wakafika Chicago. Mwaka huo huo akapanda Mount Evans, Colorado, kupima muoni (vichembe vya muda mfupi vinavyozaliwa miale ikigonga hewa) zinavyokufa njiani hewani, na vipimo vilivyofuata vikaonyesha zinazokwenda kasi zaidi zinaishi zaidi kama Einstein alivyosema. Baadaye akiwa chuo cha Cornell, yeye na Nereson walipata umri wa muoni, kama 2.15 kwa milioni ya sekunde. Alifanya kazi ya bomu la atomiki pia Los Alamos, waambie na hilo.

sayari_tisa
Asanteni sana aisee. Na baada ya vita?

mtu_wa_ngomeni
Mwalimu baada ya vita aliingia chuo cha MIT, Marekani, 1946, na hapo habari yake inafika mpaka huku kwetu pwani. Rossi ndo alisukuma wazo la kutafuta eksirei kutoka angani, mwanafizikia Giacconi na wenzake wakarusha roketi Juni 1962 wakakuta Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua. Kutoka hapo ikaja satelaiti ya eksirei iliyoitwa Uhuru, ikarushwa 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini hapa karibu na Malindi. Giacconi akapata Nobel 2002, Rossi alishafariki 1993. Ukiwa na ramani darasani waonyeshe Asmara na Malindi.