Namna ya kuijengea kampuni wepesi wa kubadilika bila kupoteza udhibiti wa fedha

MsimamiziAlizeti (Dodoma)

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni meneja wa uendeshaji katika kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti hapa Dodoma. Tunanunua mbegu kutoka Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na upande wa Singida, na kama mnavyofahamu, kanda hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbegu za mwaka mzima huingia sokoni katika miezi michache baada ya mavuno kuanza mnamo Mei. Anayezikosa wakati huo mashine zake husimama kabla mwaka haujaisha.

Shida yetu ni kwamba kila jambo lazima lipande hadi kwa mkurugenzi. Mnunuzi wetu akifika gulioni asubuhi na kukuta bei imepanda, hana ruhusa ya kuongeza hata shilingi moja juu ya bei aliyopewa alipoondoka. Anampigia simu ofisa ununuzi, ofisa ununuzi anaandika dokezo, dokezo linapita kwa mhasibu ili athibitishe kwamba fedha ipo, kisha linasubiri saini ya mkurugenzi, ambaye mara nyingi yuko Dar es Salaam. Jibu linaporudi, mzigo umeshapakiwa kwenye lori la mtu mwingine. Mara nyingine huwa kinyume chake: bei imeshuka, lakini sisi tunaendelea kulipa ile ya zamani kwa sababu hakuna aliyeagizwa kuibadilisha.

Kampuni ilitupeleka kwenye mafunzo ya uongozi, na mwezeshaji akatueleza kuwa taasisi za leo zinapaswa kuwa nyepesi, zenye timu ndogo zinazojiamulia na mikutano mifupi ya kila asubuhi, na kwamba zama za mipango mirefu zimepita. Mikutano ya asubuhi tumeianza. Kusema kweli sioni kilichobadilika, isipokuwa watu sasa wanasimama badala ya kukaa. Naomba mwenye uzoefu anieleze wepesi huu hujengwa kuanzia wapi, na kama unafaa kwa kampuni ya kawaida ya mkoani ambayo wafanyakazi wake wengi hawakuajiriwa kwa ajili ya kufanya maamuzi.

UshauriKati

Ndugu Msimamizi, nusu ya jibu umeitoa mwenyewe, maana safari ya hilo dokezo umeieleza vizuri kuliko ambavyo mshauri yeyote angeieleza. Itazame tena. Taarifa inazaliwa gulioni, kwa mnunuzi. Uamuzi unafanyika Dar es Salaam, kwa mtu ambaye hajaiona mizani wala wakulima waliopanga foleni. Katikati wapo watu wawili ambao hawaongezi taarifa yoyote mpya kuhusu soko, wanaongeza saa tu. Kwa maoni yangu, umbali huo kati ya anayeona na anayeamua ndio jambo lenyewe, na mengine yote, ikiwemo mikutano ya asubuhi, ni nyongeza.

Mfano unaotajwa sana ni wa Toyota, na unastahili kutajwa. Katika viwanda vyake, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro kwenye gari lililo mbele yake huvuta kamba iliyo karibu naye. Kiongozi wa timu hufika papo hapo, na kasoro isipopatiwa ufumbuzi kabla gari halijafika mwisho wa eneo lile la kazi, mstari wa uzalishaji husimama. Hakuna anayeandika dokezo. Kinachosahauliwa na wanaousimulia mfano huu ni kwamba kazi ya mfanyakazi huyo imeandikwa hatua kwa hatua, naye anajua bila shaka ipi ni kasoro na ipi siyo. Uhuru wake wa kuvuta kamba umesimama juu ya utaratibu mkali.

Kwenu ningeanza na jambo moja tu, nalo ni bei ya kununulia. Wakati wa msimu, mkurugenzi, mhasibu na ofisa ununuzi wazungumze mara moja kwa wiki, hata kwa simu, wapange bei ya chini na bei ya juu kwa kilo. Wakokotoe kwa kurudi nyuma: mafuta yanauzwaje kwa jumla wiki hii, mashudu yanauzwaje, kilo mia moja za mbegu zinatoa mafuta kiasi gani kwenye mashine zenu, usafiri na umeme vinagharimu nini. Ndani ya mipaka hiyo mnunuzi aamue mwenyewe, palepale. Akitaka kuvuka mpaka wa juu ndipo apige simu, na ampigie mtu mmoja, mwenye kaimu anayejulikana iwapo hapatikani. Jioni atume ujumbe mfupi wenye kilo alizonunua, bei alizolipa, na aliyoyasikia kuhusu wanunuzi wengine. Hayo aliyoyasikia msiyadharau, kwa sababu ndiyo yatakayosogeza mipaka ya wiki inayofuata.

Kuhusu wafanyakazi ambao “hawakuajiriwa kwa ajili ya kufanya maamuzi”, kauli hiyo naitilia shaka. Mnunuzi anayetia mkono hadi katikati ya gunia, akatafuna mbegu mbili tatu, akajua kama zimekauka sawasawa au zimechanganywa na mapepe, tayari anafanya uamuzi mgumu kuliko wa bei, na kampuni imekuwa ikimwamini bila kujua.

Mhasibu_Singida

Nakubaliana na UshauriKati kwa sehemu kubwa, ila kuna mlango ameuacha wazi. Mnunuzi mwenye fedha taslimu mkononi na ruhusa ya kupatana bei anaweza kununua kwa bei ya chini na kuandika ya juu, na mipaka yenu ya wiki isimguse hata kidogo. Kwa hiyo anayepatana bei asiwe anayepima, na anayepima asiwe anayelipa. Mkulima alipwe moja kwa moja kwa simu, ili kila malipo yawe na jina, kiasi na muda. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, mzigo upimwe tena unapofika kiwandani, na kila kituo kiwe na kikomo cha fedha kwa siku.

Mambo hayo yakiwepo, mhasibu hana haja ya kusaini kabla ya ununuzi; anakagua baada yake, kila siku, akiwa na kumbukumbu kamili mbele yake. Niseme wazi kwamba badiliko hilo ni gumu kwa watu wa idara yangu. Saini ni heshima, na kuna ofisi ambazo dokezo hulala mezani siku mbili ili tu ijulikane kwamba mwenye meza yupo.

Programu_Makole

Mwezeshaji wenu alichukua nusu ya maneno akaiacha nusu nyingine. Mbinu hizi zilipata jina la Agile, yaani wepesi, mwezi Februari 2001, wataalamu 17 wa kutengeneza programu za kompyuta walipokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika ilani fupi sana. Walisema kwamba wanathamini zaidi kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango, lakini katika ilani hiyohiyo wakakiri kuwa mpango nao una thamani yake. Kiwanda cha alizeti hakiwezi kukwepa mpango: mkopo wa msimu unatafutwa kabla ya Mei, na magunia na maghala vilevile. Kosa ni kuufunga mpango mwezi Januari usiguswe tena. Bajeti ya Serikali husomwa hapahapa Dodoma mwezi Juni, nanyi mkiwa katikati ya ununuzi, na viwango vipya vya ushuru huanza kutumika tarehe 1 Julai. Ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukibadilishwa, bei ya mafuta yenu itasogea na bei ya mbegu itafuata. Ingefaa mwezi Mei muwe mmeshaandika mtakachofanya ukipanda na mtakachofanya ukishuka, ili siku ya hotuba msiitishe kikao cha kuanza kufikiri.

Mhasibu ametaja malipo ya simu, na M-Pesa yenyewe ina funzo hapa. Ilipokuwa ikijaribiwa Kenya, kabla ya kuzinduliwa mwaka 2007, ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Waliopewa kuijaribu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na waliokuwa wakiisimamia wakafuata walichokiona kwa watumiaji badala ya kung'ang'ania walichokuwa wameandika. Mwaka 2008 ikawa imefika Tanzania.

Mkutano wa asubuhi nao unarekebishika. Ikiwa kila mtu anageuka kumwelekea meneja na kutoa taarifa, hilo ni gwaride. Wakutane wanaotegemeana, yaani mtu wa ghala, wa mashine na wa usafirishaji, wasizidishe dakika 15, waulizane nini kimekwama na nani atakikwamua leo. Wewe sikiliza, kisha ondoka na yale ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyaondoa.

MsimamiziAlizeti (Dodoma)

Nawashukuru sana. Limebaki moja ambalo pengine ndilo zito zaidi. Mkurugenzi wetu ndiye mwanzilishi; alianza na mashine moja ya kukamulia, na kila shilingi iliyomo ameitafuta mwenyewe. Nikimwambia kwamba mnunuzi ajipangie bei, ataona namnyang'anya kampuni. Ni mzee ninayemheshimu. Nimweleze kwa njia gani?

UshauriKati

Usimpelekee habari za mafunzo. Mpelekee madokezo ya msimu uliopita, na kwa kila moja uandike saa lilipoandikwa, saa liliposainiwa, na kama mzigo ulipatikana au ulikwenda kwa wengine. Mhasibu aweke kando hesabu ya kilo mlizozikosa. Mtu aliyeanza biashara na mashine moja ataielewa karatasi hiyo kabla hujamaliza kuieleza.

Kisha mwombe kituo kimoja cha ununuzi, tuseme cha Kongwa, kwa msimu mmoja, na mipaka ya bei aiandike yeye mwenyewe kila wiki. Vituo vingine viendelee na utaratibu wa zamani ili mpate cha kulinganisha. Kwa kuwa mipaka ni yake, idhini bado inatoka kwake. Inatoka Jumapili jioni badala ya kutoka wakati lori limeshaondoka.

Jambo moja mkubaliane mapema, na mnunuzi akiwepo: akinunua ndani ya mipaka, halafu bei ikaanguka kesho yake, asigombezwe. Akigombezwa mara moja tu, gulio linalofuata ataanza tena kupiga simu, na wenzake wa Mpwapwa na Kondoa watakuwa wameshasikia.