Mjadala: Vipindi vya maisha halisi vya familia, mvuto ni ukweli au mkasi wa mhariri?

Mleta mada: Wakuu, naanza mimi. Vipindi hivi vinawazidi wenzao wa mashindano kwa sababu moja: ndugu hatolewi kwa kura. Kwenye mashindano mgomvi anafungashiwa virago, na ugomvi unaishia hapo. Kwenye familia dada anamtukana kaka leo, kesho wanakula meza moja. Hilo ndilo linalomrudisha mtazamaji, si majumba wala magari. Kwa hiyo mvuto ni wa kweli hata kama mengine yamepangwa. Anayebisha alete hoja.

Mkasi: Nabisha. Undugu ni malighafi tu. An American Family, kipindi kilichorushwa na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, mwaka 1973, kilirekodi familia ya Loud ya Santa Barbara, California, kwa miezi kama saba. Zilipatikana saa 300 hivi za picha, zikatoka sehemu 12. Yaani kwa kila saa uliyotazama, saa zaidi ya 20 zilibaki kabatini. Na familia yenyewe ililalamika kwamba uhariri umeipotosha.

Siku hizi kuna na yale mahojiano ya pembeni, mtu kakaa peke yake anaeleza. Mara nyingi hurekodiwa siku au wiki kadhaa baadaye. Mhusika huombwa aseme "nina hasira naye", si "nilikuwa na hasira naye", na alirudie swali ndani ya jibu ili sauti ya muulizaji iondolewe. Kisha mhariri hushona nusu ya sentensi hii na nusu ya ile. Utaijua hivi: katikati ya sentensi sura ya msemaji inaondoka, unaonyeshwa mikono au uso wa msikilizaji, huku sauti ikiendelea kwa mkazo tofauti kidogo.

Binti Maiki: Niongezee upande wa sauti. Kila mwanafamilia huvaa maiki ndogo kifuani na kisambaza mawimbi kiunoni, na kila mmoja hurekodiwa kwenye njia yake ya sauti, mbali na wenzake. Friji huzimwa, maana mngurumo wake huruka kila picha inapokatwa. (Fundi mjanja huweka funguo za gari lake ndani ya friji, asije akaondoka bila kuiwasha tena chakula kikaoza.) Muziki ukianza ghafla mama akiwa katikati ya maneno, shuku: huenda unafunika mshono.

Ila mleta mada ana pointi moja. Watu wakipokonyana maneno, sauti ya mmoja huingia kwenye maiki ya mwenzake. Huwezi kumtoa mmoja bila kubaki na mkia wa mwingine. Kwa hiyo ugomvi wa kudakiana maneno ndio mgumu kuliko yote kuuchakachua, na ndugu hasa ndio hugombana hivyo.

Mleta mada: Ahsante dada, ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Mkasi: Usishangilie mapema mkuu. Maneno ni ya kweli, sawa, lakini nani kachokoza? Prodyuza anaweza kupanga mlo wa pamoja siku moja tu baada ya ndugu wawili kukosana. Hajamwandikia mtu neno hata moja.

Mtetezi: Nyote mnaongelea watu wazima. Mtoto wa miaka sita hakusaini chochote, kasainiwa. California ina sheria ya tangu 1939, na leo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii iwekwe kwenye akaunti ya amana. Shida ni kwamba mtoto wa vipindi hivi huitwa mshiriki, si mwigizaji, na hapo ndipo ulinzi hupwaya. Jimbo jingine la Marekani, Illinois, limeanza kuwalinda watoto wa video za familia za mtandaoni tangu Julai 2024. Ufaransa ilitunga sheria yake 2020. Mimi ningedai mkataba utaje vyumba visivyoingiwa na kamera, saa za kurekodi, na haki ya mtoto kuondoa kilio au ugonjwa wake kabla ya kurushwa.

Mkasi: Haki hiyo inatekelezeka, ila iwekewe siku ya mwisho: kabla picha haijafungwa, yaani kabla mhariri hajamaliza kukata. Baada ya hapo, kuondoa sekunde 40 ni kuvuruga muziki, mchanganyiko wa sauti na urefu wa sehemu nzima, na prodyuza atakataa kwa kisingizio cha gharama. Na kilio cha mtoto ndicho kinachowekwa kabla ya matangazo ya biashara, ili usibadilishe chaneli. Hatakiachia kirahisi.

Mtetezi: Basi na arekodi wazazi peke yao, tuone kama mtabaki mnatazama.