Wakipata mafunzo wanahama: je, tuwabane kwa mikataba?

Mleta mada:
Wanajukwaa, heshima kwenu. Ninasimamia idara ya watu wenye ujuzi unaotafutwa kila mahali, na uongozi unataka kusitisha mafunzo kwa hoja kwamba kila anayepata cheti anaondoka. Kinachonisumbua zaidi ni waliobaki: kwenye kikao wanaitikia kila jambo, kisha kikao kikiisha minong'ono inaanza koridoni, na ripoti zinaletwa dakika za mwisho bila hata neno moja la maoni. Naombeni ushauri.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, mwaka 1991 watafiti John Meyer na Natalie Allen walitofautisha mambo matatu yanayomfanya mfanyakazi abaki, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote kwa viwango tofauti: kuipenda taasisi, kuona kwamba kuondoka kutamgharimu, na kujiona ana wajibu. Mkataba wa kubana unaongeza hilo la pili tu, na nadhani hao wanaoitikia kila jambo wanabaki zaidi kwa sababu hiyo.

Mchangiaji wa pili:
Mafunzo ni gharama, wakuu. Sharti la kurejesha gharama, likijadiliwa kabla ya kozi na muda wake ukiwa wa haki, si uonevu. Uonevu ni kumletea mtu karatasi asaini wakati kozi ameshaimaliza.

Mchangiaji wa tatu:
Nimewahi kuwa upande wa mfanyakazi. Nilipopata ofa kwingine nilimweleza bosi wangu waziwazi, kwa sababu huko nyuma aliwahi kuninyima cheo, lakini aliniita akanieleza sababu bila kuficha, akaahidi kulitazama upya suala langu, na kweli akalitazama. Tukazungumza, nikabaki. Anayejua kwamba atapata kazi kwingine ana ujasiri wa kusema ukweli, mradi anaamini kwamba atasikilizwa; imani isipokuwepo, ujasiri huo huo unaishia kwenye barua ya kujiuzulu. Je, kuna ahadi mlizotoa hazijatimizwa?

Mleta mada:
Ahsanteni sana. Ipo: upandishaji wa madaraja umeahirishwa zaidi ya mara moja, na hakuna aliyewahi kuwaeleza watu sababu. Nitauomba uongozi utoe maelezo hayo kwa maandishi, pamoja na tarehe, kabla hatujajadili kusitisha mafunzo. Suala la gharama nitalipeleka kwa wafanyakazi wenyewe, wapendekeze muda wanaouona ni wa haki.