"Keti mama, homoni zimeamka": yule lekcha mnayemjua leo amevuka mpaka

Binti_Bombo: Wanajukwaa, nimetoka darasani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa noti za tangu gharika ya Nuhu.

"Keti mama, homoni zimeamka." Mbele ya ukumbi mzima! Watu wakacheka mpaka Entebbe wamesikia.

Nilikuwa nimeuliza nini? Alichora ngazi ya maadili ya Kohlberg, yule mwanasaikolojia wa Marekani, hatua sita, akasema hivi ndivyo binadamu anavyokomaa. Nikanyoosha mkono: mwalimu, utafiti ule wa 1958 ulikuwa wa wavulana 72 wa Chicago. Hakuna msichana hata mmoja. Binadamu ametoka wapi? Carol Gilligan, mwanasaikolojia mwenzake, aliandika kitabu kizima mwaka 1982 kuhusu jambo hilihili: umetengeneza kipimo kwa wavulana, halafu unamwambia msichana hajafika.

Jibu? Keti mama, homoni zimeamka.

Chukua majaribio mengine maarufu ya saikolojia: Asch na mistari yake, ya kuona kama mtu atafuata jibu lisilo sahihi la kundi, wanaume. Zimbardo na gereza lake la kuigiza la 1971 pale Chuo Kikuu cha Stanford, wanaume. Milgram mwaka 1963, aliyepima kama mtu atatii akiamriwa kumpiga mwenzake shoti za umeme (za uongo), wanaume 40. Vyote vinaingia mtihanini kwa jina la "tabia ya binadamu". Na nilikuwa nimesimama! Kalamu mkononi! Homoni!

Mzee_wa_Arua: Pole binti yangu. Huyo alimwambia mpwa wangu saikolojia ni ya wasichana wanaosubiri kuolewa.

KijanaWaNtinda: Dada, umeenda kupigana na mtu anayeshika alama zako? Kwa faida ya nani? 😂

Msomaji_Mbale: Tuwe wakweli lakini. Milgram aliwajaribu wanawake pia baadaye, wakafika volti 450, mwisho wa mashine, kwa kiwango kilekile cha wanaume, asilimia 65. Na mtafiti Walker mwaka 1984 alipitia tafiti zilizotumia kipimo cha Kohlberg, akakuta tofauti ya wanawake na wanaume ni ndogo mno. Ukisema kila mara wanawake wako tofauti, hilo nalo ni upendeleo. Freud, yule mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, alianzia hapohapo.

Binti_Bombo: Vizuri sana! Sasa yeye angenijibu hivyo! Angesema Walker ningekaa chini na kuandika. Hakusema Walker. Alisema HOMONI.

Na anafundisha upendo wa mama na mtoto wiki nzima, na anayetajwa ni yule Mwingereza mwenye nadharia hiyo tu: Bowlby, Bowlby, Bowlby. Mary Ainsworth, mtafiti aliyefanya kazi na huyo Bowlby, alikuwa hapahapa kwetu mwaka 1954, akizunguka vijiji vya karibu na Kampala, akikaa na akina mama wa Kiganda na watoto wao. Kitabu chake cha 1967 kina jina la Uganda kwenye jalada. Ubaoni hayupo!

Baba_Wawili: Mimi nina langu. Hao Bowlby na Ainsworth wote ni mama, mama, mama. Nimelea mapacha tangu wakiwa wachanga, nikiwapeleka kliniki nesi ananiuliza "mama yao yuko wapi?" Upendeleo wa jinsia unatupiga na sisi, ila hatufunguliwi uzi.

KijanaWaNtinda: Fungua wako mzee, huu ni wa homoni 😂

Nakawa_Boy: Tukiacha hayo, nani amepata alama za muhula uliopita? Kwangu somo lake limeandikwa "hakufanya" na mimi nilikaa kiti cha mbele. Nilimwazima kalamu msimamizi!

Msomaji_Mbale: Hata mimi "hakufanya".

Mama_Shamim: Nendeni kwa karani wa idara asubuhi, kabla hajaenda kunywa chai. Mkichelewa mmekwisha.

Binti_Bombo: Jamani, turudi kwenye uzi. Mtu ameniambia HOMONI mbele ya watu.

Nakawa_Boy: Pole dada. Mama Shamim, huyo karani ni wa chumba cha chini au cha juu?

Mama_Shamim: Chini, mlango wa kijani. Beba risiti ya ada, bila hiyo hakuangalii.

Baba_Wawili: Na hiyo ada wameipandisha tena, mmeona?